UZI: Ukurasa mmoja, swali moja. Kuandika tovuti ya biashara hadi mteja aliye Google akuone (wa Mombasa hasa)

kisiwani_mwandishi (mleta uzi)

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwa wote. Uzi huu ni wa wenye biashara ndogo hapa Mombasa na vijana tunaowaandikia tovuti. Wengi washalipia, tovuti ipo, inafunguka, ina picha ya minazi na bahari, na hakuna anayeipata ila mwenyewe akiandika jina la duka lake. Kisha lawama zinamwendea Google.

Nitatumia kazi niliyo nayo mkononi: fundi wa AC wa upande wa Bamburi, na amenikubalia niieleze. Ukurasa wake wa mbele ulisomeka hivi: "Karibu kwenye kampuni yetu. Sisi ni wataalamu waliobobea katika kutoa huduma bora za kisasa kwa bei nafuu. Kuridhika kwako ndiyo furaha yetu." Hebu usome tena uniambie hapo panauzwa AC, unga wa ngano au bima ya gari. Na hakuna binadamu anayeamka usiku kwa joto akaandika Google "huduma bora za kisasa".

Anaandika nini basi? Sikubuni. Nilimwomba fundi anisomee jumbe za WhatsApp za wateja wake, bila majina. Zilikuwa hivi: "AC inapuliza lakini haitoi baridi". "AC yadondosha maji ukutani". "Kujaza gesi ni pesa ngapi". "Nyumba iko ufuoni Shanzu, AC ni mpya na ishaharibika, kwa nini". Hapo kazi ya kutafuta maneno imekwisha nusu yake, na hujalipia programu yoyote. Kila ujumbe ni swali, na kila swali lataka ukurasa wake.

Ukurasa WAKE, nasisitiza. Tatizo la tovuti zetu ni kutia kila kitu mahali pamoja: AC, friji, mashine za kufulia, nyaya za umeme, kamera za ulinzi, na chini kabisa "pia tunauza mabomba". Google haipangi tovuti nzima kwa mpigo, inapanga ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa unaozungumzia mambo kumi kijuujuu unashindana na kurasa kumi, kila moja imezama kwenye jambo lake.

Chukua lile swali la nyumba ya ufuoni. Tuliandika ukurasa mzima juu yake, na kichwa chake ni "Kwa nini AC ya nyumba iliyo karibu na bahari huharibika mapema". Aya ya kwanza inajibu papo hapo: upepo wa bahari umebeba chumvi, chumvi inakaa kwenye lile sanduku la nje, inakula mapezi ya alumini na mabomba ya shaba hadi yanatoboka, gesi inatoka, AC inabaki kupuliza hewa tu. Kisha fundi akaniambia jambo ambalo peke yangu nisingelijua: mteja akiambiwa kila mara "gesi imeisha, tujaze", aulize imekwenda wapi. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ile ya jikoni, inazunguka humo humo. Ikipungua, pana mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kulipa mara mbili. Tukatia picha ya koili (hayo mabomba na mapezi yake) iliyoliwa, kaipiga mwenyewe kwa simu juu ya paa la mteja. Tukaeleza kuosha sanduku la nje kwa maji matamu, kuchagua koili iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, na kutoliweka upande unaopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja kama pana upande mwingine. Mwisho namba ya simu na maeneo anayofika. Basi. Neno "bora" halimo.

Ukurasa huo aliyeko Nakuru hawezi kuuandika, maana Nakuru hakuna chumvi ya bahari. Ndiyo maana una nafasi.

Sasa mambo ya mitambo, haraka haraka. Google inafanya kazi tatu. Roboti yake, Googlebot, inapita kwenye viungo (yale maandishi ya kubonyeza yanayokupeleka ukurasa mwingine) ikisoma kurasa. Inachosoma, kikifaa, kinaingia kwenye faharasa, yaani daftari lake la kurasa. Mtu akitafuta, majibu yanatolewa kwenye faharasa hiyo, hayatolewi kwenye intaneti nzima wakati ule. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "mbona siko ukurasa wa kwanza", uliza kama umo ndani ya faharasa. Wanaotumia WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, nendeni kwenye mipangilio ya usomaji: kuna kisanduku kinachoziomba injini za kutafutia zisiorodheshe tovuti. Mjenzi hukitia alama wakati wa kujenga, kisha anasahau kukitoa. Tovuti inazinduliwa, keki inakatwa, na mlangoni pameandikwa "usiingie".

Fungueni Google Search Console, ni bure. Utaona ukurasa umeingia au la, na kama haujaingia utaambiwa sababu. Pia utaona maneno halisi yaliyowaleta watu, umeonyeshwa mara ngapi na umebonyezwa mara ngapi. Kumbukumbu zinarudi nyuma miezi 16. Kwangu hicho ndicho chombo cha kwanza, na wengi walioniletea tovuti zao hawajawahi kukifungua.

Ulizeni, nipo.

---

BintiTudor

Ahsante kaka. Mimi niliambiwa niweke orodha ya maneno mengi kwenye sehemu iliyofichika ya ukurasa, "fundi, fundi Mombasa, fundi bora Mombasa", na yule aliyenijengea alinitoza pesa za ziada kwa kazi hiyo. Ina faida?

---

kisiwani_mwandishi

Dadangu, kama ni ile alama ya maneno ya meta, orodha inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, Google ilitangaza hadharani mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Umelipia kitu kilichokwisha zikwa. Na kama ni maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, hayo ni mabaya zaidi, yanahesabiwa udanganyifu na tovuti inaweza kushushwa au kutolewa kabisa.

Kinachofaa kwenye sehemu isiyoonekana ni viwili. Kichwa cha ukurasa, yaani yale maandishi ya kubonyeza kwenye matokeo: kiwe tofauti kwa kila ukurasa, na jambo lenyewe likae mwanzoni, maana kikirefuka kinakatwa, na kwenye simu kinakatwa mapema. Na yale maelezo mafupi yaliyo chini ya kichwa. Hayo hayakupandishi daraja, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abonyeze wewe amwache jirani. Wakati mwingine Google huyaacha yako na kuchota sentensi ndani ya ukurasa, usishtuke.

---

Yakhe_wa_Likoni

Yakhe, maneno matamu. Lakini watu wako Tiktok na Facebook. Nani anasoma tovuti siku hizi? Mimi nauza samaki kwa status ya WhatsApp, jioni mzigo umekwisha.

---

kisiwani_mwandishi

Na uendelee hivyo hivyo, wala sikutanii. Samaki wa leo ni habari ya leo, wateja wako wanakujua, status inatosha. Biashara nyingine hazihitaji makala hata moja, na anayesema kila mtu ahitaji huyo anatafuta wa kumtoza.

Lakini mtu ambaye AC imemharibikia saa nne usiku hakai kusubiri video ya fundi ipite mbele yake. Anauliza. Kadhalika anayetafuta chumba karibu na stesheni ya Miritini kwa sababu treni yake inafika usiku, au mama anayetaka kujua kama duka lina leso za harusi za jozi nyingi. Huyo tayari ana haja na pesa anayo, ila hakujui. Tovuti ni ya huyo.

---

FundiBaridi_Mtwapa

Mimi ni fundi pia (siye huyo wa Bamburi, msituchanganye 😂). Kijana mmoja amenitengenezea kurasa nyingi: fundi AC Nyali, fundi AC Bamburi, fundi AC Shanzu, fundi AC Mtwapa, fundi AC Tudor, fundi AC Likoni. Maandishi ni yale yale, jina la mtaa tu ndilo linabadilika. Mwanzo nilionekana kidogo, sasa sionekani popote. Ndiyo nini hii?

---

kisiwani_mwandishi

Hizo zina jina kwa Google, ni kurasa za mlango: zote zinampeleka mtu chumba kile kile. Zimekatazwa kwenye kanuni zao za kupinga taka. Na hata zisingekatazwa, kurasa zako zinagombana zenyewe, Google haijui ipi ndiyo.

Zifute, ubaki na ukurasa mmoja wa huduma unaotaja maeneo yote. Mtaa upewe ukurasa wake pale tu ambapo kweli kuna jambo la kusema juu yake. Mfano Likoni: mteja wa kule anataka kujua kama gari lako lapita feri au lazunguka Dongo Kundu, nani analipa nauli ya feri, na kama dharura ya usiku unaifikia. Hilo ni jibu la mtu wa Likoni, la Nyali haliko hivyo. Nyali unaweza kuzungumzia majengo ya ghorofa, sanduku la nje limefungwa ukutani ghorofa ya juu na fundi ahitaji kamba na ruhusa ya msimamizi. Kama huna la kusema juu ya Tudor, Tudor isiwe na ukurasa.

Na ujaze wasifu wa biashara wa Google, ule unaotokea kwenye ramani. Kwa fundi, huo mara nyingi unaleta simu kabla ya tovuti. Taja eneo unalohudumia, tia picha za kazi zako, jibu maoni ya wateja hata yale ya hasira.

---

msomi_wa_gahawa

Kwa kumbukumbu tu, vita hivi ni vya zamani. Februari 2011 Google ilitoa badiliko lililoitwa Panda, likazishusha tovuti za makala nyepesi zilizoandikwa kwa wingi kuvutia matangazo. Aprili 2012 ikaja Penguin kwa wanaonunua viungo kutoka tovuti nyingine ili wapande. Agosti 2022 likaja lile la "maudhui yenye msaada", na Machi 2024 likaingizwa ndani ya mfumo mkuu. Kila mara wanaolia ni wale wale, wanaoiandikia mashine. Anayewauzia "viungo elfu" leo anawauzia bidhaa iliyopitwa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

---

BintiTudor

Na AI je? Wenzangu wanatoa makala kumi kwa siku.

---

kisiwani_mwandishi

Msimamo wa Google tangu Februari 2023 ni kwamba haitazami kaandika nani, inatazama kama kinamfaa msomaji. Lakini Machi 2024 walitia kanuni dhidi ya kumwaga kurasa kwa wingi ili kupata nafasi tu, ziwe zimeandikwa na mashine au na vibarua.

Maoni yangu: mashine itakupa makala ya AC iliyo sawa na makala elfu nyingine za AC. Haijapanda juu ya paa la Shanzu. Haijui kwamba kipindi cha kaskazi simu za mafundi hazilali. Itumie kukupangia mawazo au kukusahihishia tahajia ukitaka, lakini yale mambo yaliyotufanya tuandike yatoke kwako. Makala kumi kwa siku juu ya nini, hasa? Duka la mtu halina mambo kumi mapya kwa siku.

Na kwa kuwa nimetaja kaskazi: ukurasa mpya waweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa kuingia kwenye faharasa, na zaidi ya hapo kupata nafasi nzuri. Ukitaka wateja wa joto la Januari, usianze kuandika Januari. Wenye nyumba za wageni vivyo hivyo, Agosti na Desemba zinaandikiwa mapema.

---

Mtembeza_Ngomeni

Nimefuatilia kimya, sasa nina maswali mawili. Mimi natembeza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale. Ukurasa wangu ni Kiswahili na Kiingereza pamoja, aya kwa aya. Na menyu ya ziara zangu nimeitia kama bango zuri, nililipia mchoraji.

---

kisiwani_mwandishi

La kwanza, tenganisha lugha. Google hutambua lugha ya ukurasa kwa maandishi yanayoonekana, na ukichanganya aya kwa aya ukurasa hauwi wa huku wala wa kule. Ukurasa wa Kiswahili uwe na anwani yake, wa Kiingereza yake, kisha uziunganishe kwa alama ya hreflang ili ijue ni ndugu. Na usitafsiri tu. Mgeni wa Uingereza na mwalimu wa shule ya Voi hawaulizi swali moja.

La pili, bango. Bango ni picha. Bei, saa na njia vikiwa ndani ya picha, usitegemee vitasomwa vizuri, na asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini hapati kitu. Andika maneno yale yale kama maandishi, bango libaki pambo. Kila picha ipe maelezo mafupi ya kilichomo. Na uipunguze uzito kabla ya kuipandisha! Picha ya simu ya megabaiti kadhaa inamla mteja bando na inachelewesha ukurasa. Kipimo cha Google ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Na inasoma tovuti kama simu inavyoiona, si kama kompyuta, kwa hiyo ijaribu tovuti yako kwa simu ya bei rahisi ukiwa ndani ya matatu, si kwa waifai ya ofisini.

---

Mtembeza_Ngomeni

Sawa. Kichwa changu sasa ni "Ziara Bora Mombasa – Karibu Tukuhudumie". Ndani nimeandika historia ya ngome tangu Wareno. Nisaidie.

---

kisiwani_mwandishi

Historia ifupishe iwe mistari miwili: ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, UNESCO ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Hayo yako Wikipedia na kwenye tovuti za makumbusho, huwezi kuwapita hapo, na huna haja. Kiingilio usikariri kwa kichwa, weka kiungo cha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya maana bei hubadilishwa.

Andika ya kwako. Mwalimu anayeleta watoto anaulizaje? Basi la shule lasimama wapi, kutembea kote kwachukua muda gani na watoto wadogo, saa ngapi vichochoro vina kivuli, choo kiko wapi, wavae nini wakipita karibu na misikiti, wapi watapata mahamri na mbaazi kwa kundi kubwa bila kusubiri. Kila moja kichwa kidogo, chini yake jibu. Mimi nisiyetembeza wageni siwezi kuyajibu, wewe wayajibu kila wiki.

Kichwa: "Ziara ya shule Fort Jesus na Mji wa Kale: muda, njia na mahali pa basi". Toa "bora", toa "karibu".

---

Yakhe_wa_Likoni

Mwalimu akikuuliza mahamri, mwambie na samaki wapo 😂

---

Mtembeza_Ngomeni

Nimebadilisha tayari. Anwani ya ukurasa bado ni ile ya zamani yenye namba namba. Niibadilishe pia?

---

kisiwani_mwandishi

Kama kuna tovuti nyingine au kurasa za Facebook zilizokwisha kuitia anwani hiyo kama kiungo, iache. Anwani yenye maneno yasomeka vizuri, lakini faida yake ni ndogo na hasara ya kuvunja viungo ni kubwa. Ukishikilia kubadilisha, weka uelekezo wa kudumu, ule wa 301, kutoka ya zamani hadi mpya, usiutoe hata ukidhani watu washazoea. Kisha ingia Search Console, bandika anwani mpya kwenye kisanduku cha juu cha ukaguzi, omba iorodheshwe. Usiombe tena kesho na keshokutwa, foleni haiendi mbio kwa kugonga mlango. Na ukurasa wako wa mbele uwe na kiungo kinachoelekea huko, kiandikwe "Ziara za shule", kisiwe "bonyeza hapa".